Goma hadi Bukavu kwa boti: namna ya kufika mkavu

Ulaya na Marekani kuna watu wanaolipa kiingilio cha bustani ya michezo ili wakalishwe kwenye kijiboti, wapandishwe juu, waachiliwe kwenye mteremko na kumwagiwa maji mpaka kwenye soksi. Wakishuka wanacheka, kisha wanapanga foleni tena. Sisi wa Kivu mchezo huo tunaupata ndani ya nauli bila kuuomba, na tukishuka hakuna anayetungoja na taulo. Tunangojwa na harusi, kilio, kikao cha kazi, mteja wa mzigo, au afisa aliyekaa mezani anataka karatasi zinazosomeka.

Mwongozo huu ni wa mtu anayevuka Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, kati ya Goma upande wa kaskazini na Bukavu upande wa kusini, au anayeshukia njiani, Minova, Kalehe ama kisiwa cha Idjwi. Siahidi kwamba hutapata hata tone. Kwenye boti ya wazi utalowa tu. Unachoweza kufanya ni kuamua mapema kipi kilowe na kipi kisilowe kabisa, halafu upange safari yako yote kwa kufuata uamuzi huo.

Hatua ya 1: Angalia msimu kabla ya kuangalia nauli

Mvua zetu huanza Septemba na kuendelea mpaka Mei hivi, zikipungua kidogo Januari na Februari. Juni, Julai na Agosti ni kiangazi. Wengi hupiga hesabu fupi: kiangazi hakuna mvua, basi boti itakuwa kavu. Hesabu hiyo ina kasoro. Kiangazi ndipo upepo wa kusini unapopata nguvu ziwani, na ziwa lenyewe limelala kutoka kusini kwenda kaskazini, kilomita 90 hivi. Upepo unaoanzia upande wa Bukavu unapata uwanja mrefu wa kukimbilia, na kadiri unavyokimbia juu ya maji ndivyo mawimbi yanavyokua. Ndiyo maana siku ya upepo huo unaweza kuiacha ghuba ya Bukavu, iliyojificha kati ya rasi zake, ikiwa imetulia kabisa, halafu ukikaribia maji ya wazi kati ya Idjwi na Goma ukajikuta unashika kiti kwa mikono miwili.

Anayetoka Goma siku kama hiyo anakutana na mawimbi uso kwa uso tangu mwanzo. Boti inapiga, rasharasha inaruka juu, upepo unairudisha ndani. Anayetoka Bukavu anasukumwa kwa nyuma. Atayumba zaidi, pengine atatapika, ila atalowa kidogo.

Msimu wa mvua una shida yake nyingine: mvua ya kwetu huja na radi. Mwaka 2016 watafiti waliotumia vipimo vya satelaiti ya NASA walipanga sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Ya kwanza ilikuwa ziwa Maracaibo la Venezuela. Ya pili ilikuwa Kabare, hapo hapo jirani na Bukavu, yenye miali zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kwa hiyo ukiona wingu jeusi limeketi juu ya milima ya Kalehe, usianze kutafuta koti la mvua. Uliza kwanza kama boti inaondoka sasa au inangoja lipite. Kapiteni anayesema "tungoje kidogo" anakufanyia hisani, hata kama unachelewa.

Hatua ya 2: Chagua saa na chombo

Ukiweza, ondoka asubuhi mapema. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya ziwani huvutwa kuelekea milimani, na kufikia alasiri ziwa limeanza kuvimba. Zipo asubuhi mbaya na zipo alasiri tulivu, lakini mwenye kuchagua achague boti ya kwanza.

Vyombo ni vya namna tatu. Meli kubwa za chuma huenda polepole, nyingine huvuka usiku. Humo ndani unakaa mkavu na adui wako ni choo kilichofurika na mlango wa sitaha ambao kila mtu anauacha wazi. Boti za mwendo kasi zina paa na viti, huchukua saa mbili hadi tatu hivi, na rasharasha huingilia madirishani. Za tatu ni boti za mbao zenye mashine nyuma, zinazobeba watu wa masoko pamoja na maharage, makala (makaa ya kupikia), mbuzi na godoro. Ukipanda hizi, hesabu kwamba miguu italowa na anza kufikiria vilivyobaki.

Kwa boti ya mbao kuna jambo moja la kuangalia ukiwa bado umesimama nchi kavu: ukingo wake uko juu ya maji kiasi gani. Ukingo ukishuka sana kwa uzito wa mizigo, kila wimbi dogo linaingia ndani. Hapo suala la kulowa linageuka suala la kuzama. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, ikitoka Minova, ilipinduka ikiwa imebakiza umbali mfupi tu kufika bandari ya Kituku, Goma, watu wakiiona kutoka ufuoni, na makumi ya abiria wakafa. Boti iliyojaa kupita kiasi iache iende. Nauli ya kesho si nyingi.

Hatua ya 3: Gawa mizigo mafungu matatu

Makosa mengi hufanyika hapa, nyumbani, usiku wa kuamkia safari. Mtu anataka kuikinga valizi, sanduku lake la nguo, nzima. Anaivisha plastiki kwa nje, anaizungushia kamba, na akifika Bukavu maji yameingilia kwenye zipu, yametuama chini, na ile plastiki ndiyo iliyoyazuia yasitoke. Valizi nzima haikingiki. Igawe.

Fungu la kwanza ni vile ambavyo maji yakivigusa umepata hasara: vitambulisho, dawa, simu, diploma, risiti za mzigo, dola. Kadi ya mpiga kura, ambayo kwa wengi wetu ndiyo kitambulisho pekee, wino wake hufifia hata ikikaa kabatini, sembuse ikinyweshwa ziwa. Ipige picha kabla ya safari, uitume kwa mtu wa nyumbani.

Dola nazo zinahitaji uangalizi wao. Faranga ya Kongo iliyolowa, ikakunjwa, ikachafuka, mama muuza mboga za lengalenga ataipokea bila neno. Noti ya dola 100 yenye mpasuko mdogo kuliko kucha ya mtoto itageuzwa mbele nyuma, itainuliwa juani, kisha utarudishiwa. Na noti iliyolowa huchanika kirahisi sana, hasa ukijaribu kuzibandua zilizoshikana. Kwa hiyo dola zisikae mfukoni mwa suruali, wala ndani ya sidiria, mahali ambapo jasho na ziwa hukutana. Ziweke kati ya karatasi mbili ngumu, ndani ya fungu la kwanza, zikiwa zimenyooka.

Fungu la pili ni seti moja ya nguo utakayovaa ukifika. Seti kamili, ikiwa na chupi na soksi, kwa sababu watu hukumbuka suti na kusahau kwamba maji huanza kule chini. Kama unaenda harusini, viatu vya harusi vimo humu pia.

Fungu la tatu ni vilivyobaki vyote. Hivyo vikilowa vitakauka.

Hatua ya 4: Fungasha

Sashe, yaani mfuko wa plastiki, iliyofungwa fundo la kawaida haizuii maji. Fundo lina mikunjo, na maji hupenya kwenye mikunjo. Fanya hivi. Chukua sashe mbili nene zisizotobolewa. Zipime kwanza: puliza hewa ndani, shika mdomo wake, ibinye karibu na sikio. Inayovuja utaisikia. Weka vitu vyako ndani ya sashe ya kwanza, toa hewa kwa kuikandamiza na mkono, halafu isokote shingo yake, usokote tena, mpaka iwe ngumu kama kamba. Sasa ikunje hiyo shingo irudi chini, ilale juu yake yenyewe, na uifunge pale kwenye mkunjo kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, ule ule ambao wamotari, waendesha pikipiki wetu, hufungia mizigo. Uvute mpira huku unauzungusha. Mpira uliovutwa hubana wenyewe, kamba ya nailoni hulegea ikishalowa. Baada ya hapo iingize sashe hiyo ndani ya ile ya pili ikitangulia kichwa, mdomo wake ukiangalia chini, na urudie kazi ile ile.

Fungu la kwanza liachie hewa kidogo ndani. Likidondoka majini litaelea, na mtu ataliokota.

Mwenye uwezo anunue mfuko mzito usiopitisha maji, ule wa kukunja mdomo. Unaukunja mara tatu au zaidi kabla ya kufunga kibanio, si mara moja. Na asiye na uwezo huo atafute ndoo ya rangi ya plastiki, yenye kifuniko cha kubana, aioshe mpaka harufu iishe. Mimi kwa boti ya mbao naipenda ndoo ya rangi kuliko valizi yoyote: haipondwi na gunia la jirani, inaelea, haina zipu, na pale ambapo viti vimeisha unaikalia. Unga, nguo za mtoto, kompyuta ndogo iliyoviringishwa kwenye kikwembe (kitenge), vyote vinaingia. Kabla ya kuondoka ipindue ikiwa na maji ndani uone kama kifuniko kinavuja.

Wenye kuendelea na safari hadi Gisenyi au Kamembe wasitegemee sashe. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, na watakunyang'anya mpakani ukiwa na kila kitu mikononi. Kwetu pia amri ya kuizuia ilitoka mwishoni mwa 2017, ila sokoni bado ipo.

Ukiwa Goma, usiweke sashe chini. Ufuo wetu ni mawe ya volkano, na mawe hayo yana makali; sashe ikiburuzwa kidogo tu inatoboka matundu usiyoyaona, na utayagundua Bukavu. Ishike mkononi au iweke juu ya ndala zako.

Kwa valizi ya kawaida, kinga ya ndani inashinda ya nje. Tandika gunia la plastiki ndani ya valizi, panga nguo humo, sokota mdomo wa gunia, ndipo ufunge zipu. Zipu ivuje inavyotaka.

Simu ni habari ya peke yake. Baadhi ya simu za bei huwa na alama ya IP67, maana yake zilipimwa zikakaa nusu saa ndani ya maji yasiyo na chumvi, kina cha mita moja. Alama hiyo inahusu simu mpya. Ile iliyokwisha kufunguliwa na fundi au yenye kioo kilichopasuka haina tena kinga hiyo, na simu nyingi tunazonunua kwetu hazikuwahi kuwa nayo. Nunua kifuko chepesi cha plastiki chenye kamba ya shingoni. Kioo kinaguswa hivyo hivyo juu ya plastiki. Kijaribu nyumbani: weka kipande cha karatasi ya chooni ndani, funga, kizamishe kwenye beseni, kibane chini kwa mkono. Karatasi ikitoka kavu, simu inaweza kuingia.

Hatua ya 5: Vaa kwa ajili ya upepo

Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji yake hayana baridi kali, lakini mtu aliyelowa akapigwa na upepo wa boti ya kasi kwa saa mbili atatetemeka hata jua likiwaka. Acha jinzi nyumbani, au ziweke fungu la tatu. Jinzi iliyolowa ni nzito, inabana, na haikauki mpaka kesho yake. Suruali nyepesi ya nailoni au ya michezo hukauka ukiwa umeivaa. Akina mama wanaosafiri na vikwembe wafunge kimoja kifupi kinachoishia chini ya goti, cha pili kikae kwenye sashe.

Miguuni vaa ndala au kandambili za plastiki zenye kamba ya kisigino. Buti za mvua zinaonekana ni akili nzuri, mpaka ukianguka majini zikajaa. Usizivae ndani ya boti.

Koti la mvua liwe la mikono na la kufunga mbele. Yale mashuka mapana ya plastiki yenye tundu la kichwa hupeperuka, humfunika jirani usoni, na majini humsokota mtu. Koti huvaliwa kwanza, jile la kuokolea huja juu yake. Kuna watu hufanya kinyume, eti jile lisilowe. Jile limetengenezwa lilowe. Baada ya ajali ya ziwani ya Aprili 2019 Rais Tshisekedi aliagiza kila abiria awe nalo, na wewe usingoje mtu aje kukukagua: livae, funga vifungo vyote, vuta kamba zake. Likiwa limelowa na lina harufu ya samaki, livae vile vile.

Mtoto mdogo asifungwe mgongoni kwa kikwembe mkiwa ziwani, hata kama ndiyo njia bora ya kumkinga na upepo. Fundo la kitambaa kilicholowa halifunguki haraka. Mpakate mapajani, mbele yako, akiwa na jile lake dogo, na umfunike kwa kitambaa ambacho hakikufungwa popote.

Hatua ya 6: Ufuoni

Mvua ikianza mnapongoja, watu hutafuta pa kujificha. Upande wa magharibi wa Goma, karibu na ziwa, msiingie kwenye mabonde madogo, mashimo wala mapango ya mawe, hasa alfajiri kukiwa hakuna upepo. Mazuku hukaa humo. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, haionekani, na kila mwaka tunasikia imeua mbuzi au mtu. Simama juu, ulowe.

Kwenye gati kupanda ni rahisi: shika kitu imara, mguu mmoja, mguu mwingine. Kwenye fuo ndogo za Idjwi na vijiji vya Kalehe hakuna gati, na ndipo wengi hulowa hata kabla safari haijaanza. Mawimbi hayaji sawasawa. Hupita makubwa kadhaa, kisha pakatulia kidogo. Yatazame dakika moja kabla ya kuingia, halafu ingia palipotulia, bila kukimbia. Mizigo itangulie, wewe ufuate, maana ukiinama kupokea valizi ukiwa ndani ya maji lazima wimbi likupate mgongoni. Panapokuwa na vijana wanaobeba watu, patana bei ungali nchi kavu. Bei inayotajwa ukiwa mgongoni mwa mtu, katikati ya maji, haina mjadala.

Valizi yako fuatilia inawekwa wapi. Nimesikia mazungumzo haya mara nyingi mno:

"Papa kapiteni, valizi yangu iwekwe ndani."

"Weka tu hapo mbele, mama. Tutafunika na shitingi. Haitalowa."

Itafunikwa kweli, na shitingi, lile turubai la plastiki, itashika maji katikati, itafanya kidimbwi, na boti ikiinua pua kidimbwi chote kitamwagika kwenye valizi ya nyuma kabisa. Kama haina budi kukaa mbele, omba isimamishwe wima, upande wa zipu ukiangalia ndani, na isikae chini ya wengine wote. Ongea kwa upole, mpe heshima yake, na mpatie kijana wa mizigo kitu kidogo. Hasira ufuoni haijawahi kukausha valizi ya mtu.

Angalia pia inapakana na nini. Gunia la makala likinyeshewa hutoa maji meusi, na hayo hayatoki kwenye shati jeupe kwa sabuni yoyote. Samaki wadogo wa sambaza waliokaushwa nusu, harufu yao itakaa kwenye nguo wiki nzima. Mbuzi naye, sihitaji kueleza.

Hatua ya 7: Chagua kiti

Pua ya boti ndiyo inayochana maji, kwa hiyo watu hudhani anayekaa mbele kabisa ndiye anayelowa kuliko wote. Mara nyingi si hivyo. Pua inayarusha maji pembeni na juu, boti inasonga mbele, upepo unayashika, na yanaangukia walioko katikati kuelekea nyuma, upande ule upepo unakotoka. Wa mbele kabisa hulowa kidogo lakini hupigwa na kila wimbi mpaka kiuno kinauma. Mjamzito na mwenye maumivu ya mgongo wasikae huko. Nyuma kabisa kunatulia, ila kuna moshi wa mashine, na boti ikipunguza mwendo ghafla wimbi lake lenyewe huifuata na kuingia kwa nyuma.

Kiti cha kutafuta kiko katikati ya boti kwa urefu, karibu na mstari wa kati kwa upana, upande ambao upepo unaelekea. Kuujua upande huo ni rahisi. Kabla ya kupanda tazama bendera, moshi wa majiko ya ufuoni, au nguo zilizoanikwa. Simama ukiangalia boti itakakoelekea: shavu linalohisi upepo ndilo upande wa kulowa. Kaa upande wa shavu la pili. Upepo ukitoka kusini moja kwa moja na unaenda Bukavu, pande zote mbili zitapata. Hapo kaa kati na umwombe Mungu akujalie jirani mpana.

Kwenye boti ya kasi yenye madirisha, usikae dirishani kwa sababu ya kupiga picha za Idjwi. Dirisha halifungi vizuri, au linafunga ila yupo mmoja anayetaka hewa. Kaa kiti cha njia. Ukisikia pua inaanza kupiga, funga dirisha lako kwanza kabla ya kumwambia mwenzako afunge la kwake.

Miguu isikae sakafuni kama kuna mahali pa kuiweka. Chini ya zile mbao za kukanyagia kuna maji siku zote: yaliyovuja kwenye maungio, yaliyorushwa, yaliyoletwa na miguu ya watu. Boti ikilala upande, yanakimbilia huko. Kijana mwenye bido (dumu la plastiki) lililokatwa anayateka na kuyamwaga nje, na ukiona anateka bila kupumzika, mwulize kapiteni kuna nini. Begi lako la mkononi likae mapajani. Usilivae kwa kamba kifuani juu ya jile. Likae hivyo kwamba unaweza kuliachia.

Hatua ya 8: Njiani, usihame

Mvua ikipiga kutoka upande mmoja, abiria wote husogea upande wa pili. Kila mmoja anaona amesogea kidogo tu. Boti ya mbao inalala, ukingo unakaribia maji, na wimbi la kwanza linaingia. Kuhama huko ni hatari kuliko mvua yenyewe. Kaa pale pale, inama, geuza mgongo kwenye mvua, kofia ya koti juu, mikono ndani. Mgongo ukilowa ni mgongo tu. Na ukiona wengine wanaanza kusogea, sema kwa sauti: "Wazazi, tukae, boti inalala." Mara nyingi inatosha mtu mmoja aseme.

Shitingi ya abiria ishikwe kwa mikono, isifungwe pande zote. Iliyofungwa hushika upepo na kuisukuma boti, na chombo kikipinduka walioko chini yake hawana pa kutokea. Ikishikwa na watu wanne kwenye pembe, maji yakituama katikati isukumeni juu kwa ngumi, yamwagikie ziwani, upande usio na mtu.

Simu iache kifukoni. Anayetaka kupiga picha ya wimbi huipata picha na huikosa simu.

Hatua ya 9: Ukifika

Bukavu kwenye kushuka kuna msongamano, na hapo ndipo watu waliovuka wakavu hulowa kwa kuharakisha. Ngoja wenye magunia washuke. Ukishafika nchi kavu tafuta choo au kibanda, vaa fungu la pili, nguo zilizolowa ziingie kwenye sashe iliyobaki tupu. Kama mvua inanyesha na unachukua moto, yaani pikipiki ya abiria, weka koti la mvua kinyume, mgongo wake mbele, na fungu la kwanza chini yake kifuani. Motari atakuwa amepandisha bei. Barabara za kupanda Kadutu zikinyeshewa zinateleza, na hapo namwelewa.

Simu iliyolowa izime mara moja. Usiichomeke kwenye chaji kuona kama bado inafanya kazi, maana umeme na maji ndivyo vinavyoiua. Toa laini, na betri kama inatoka, ipanguse, igeuze tundu la chaji liangalie chini, ipige polepole kwenye kiganja, iache mahali penye hewa mpaka kesho. Mchele hausaidii, Apple wenyewe mwaka 2024 waliwaonya wateja kwamba chembe zake zinaweza kuharibu simu.

Dola zilizolowa usizipange juani wala usizipige pasi. Zilaze moja moja kati ya karatasi kavu, weka kitabu kizito juu, zibadilishe karatasi baada ya muda. Zilizoshikana ziache kwanza zikauke kidogo, kisha uzibandue kuanzia pembeni.

Valizi ifungue jioni ile ile, hata kama umechoka na wenyeji wamekwisha pakua chakula. Fromaji (jibini) ya Masisi uliyowaletea itoe kwenye plastiki, ipanguse kwa kitambaa kikavu, iweke kwenye ubao penye hewa. Ikilala usiku mzima ndani ya sashe yenye unyevu itaota ukungu.